Kuchelewesha sauti sikioni: jinsi ya kupima ubongo unavyoendesha usemi, kwa kompyuta moja na hedifoni za waya

Sentensi “Mama amepika mihogo mitatu na samaki wadogo wawili” ina silabi 22. Mtu mzima anayesoma bila papara huimaliza kwa sekunde nne hivi, yaani kila silabi hupata chini kidogo ya milisekunde 200. Sasa ifuate sauti hiyo inavyorudi: inaingia sikioni, inapanda hadi kwenye gamba la ubongo linaloshughulika na kusikia, inalinganishwa na sauti iliyokusudiwa, kisha amri ya kurekebisha inashuka kwenye taya, ulimi na midomo. Mzunguko huo hula milisekunde 100 hadi 150. Ubongo unapogundua kwamba irabu imeharibika, mara nyingi irabu yenyewe imekwisha kutoka.

Hapo ndipo iliposimama kazi ya Frank Guenther wa Chuo Kikuu cha Boston. Tangu miaka ya 1990 yeye na wenzake wamekuwa wakijenga modeli ya kompyuta iitwayo DIVA, inayosema kwamba ubongo huongoza usemi kwa njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni amri zilizoandaliwa: neno ukishalizoea, ubongo hutuma mpangilio mzima wa misuli bila kusubiri kusikia chochote. Ya pili ni mrejesho: sikio na hisia za mdomo hukagua kilichotoka, kosa hupimwa, na marekebisho hutumika papo hapo ikiwa muda upo, kisha huingizwa kwenye amri za mara nyingine. Mtoto anayejifunza kusema huegemea sana njia ya pili. Mtu mzima huegemea ya kwanza, na ya pili hubaki kama mkaguzi.

Mtu akiongea kawaida huwezi kuzitenganisha njia hizi, kwa sababu zinakubaliana. Inabidi uzigombanishe. Mwongozo huu unaeleza majaribio matatu ya kufanya hivyo. La kwanza, la kumsikilizisha mtu sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa, ndilo tutakalolichambua zaidi, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na ndilo linaloharibiwa na wanafunzi wengi kwa makosa yaleyale.

Vifaa

Unahitaji kompyuta, hedifoni za waya zinazofunika sikio zima, maikrofoni ya waya, na programu mbili za bure: Pure Data ya kuchelewesha sauti, na Praat ya kupimia. Praat iliandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na ndiyo inayotumika katika maabara nyingi za fonetiki. Ukiweza kupata kadi ya sauti ya nje ya USB, itumie. Zile zilizojengwa ndani ya kompyuta hufanya kazi, ila nyingi zina kelele na huchelewa zaidi.

Bluetooth achana nayo kabisa. Hedifoni zisizo na waya huongeza ucheleweshaji wake zenyewe, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na ucheleweshaji huo haukai mahali pamoja. Ukiweka 200 mshiriki anaweza kuwa anasikia 340, na dakika tano baadaye 310. Vilevile epuka zile ndogo za kuchomeka mlangoni mwa sikio. Tundu la sikio likizibwa kwa juu juu, sauti ya mtu mwenyewe inayopitia kwenye mifupa ya fuvu huvuma zaidi, na sauti hiyo haichelewi hata kidogo. Jaribu sasa hivi: ziba masikio kwa vidole useme “uuu”.

Maikrofoni iwe sentimita 5 kutoka pembeni mwa mdomo, si mbele yake, ili pumzi ya *p* na *b* isiipige. Rekodi kwa WAV, mono, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Zima kila kitu kinachojidai kusafisha sauti: kupunguza kelele, kusawazisha sauti kiotomatiki, na kile kipengele cha baadhi ya hedifoni kinachomrudishia mtu sauti yake moja kwa moja. Rekodi zisipitie kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwani hubanwa na sehemu ya taarifa hupotea. Kama lazima, zitume kama faili.

Kutengeneza ucheleweshaji

Ndani ya Pure Data fungua ukurasa mpya uweke visanduku vitano: `adc~ 1`, `delwrite~ sauti 1000`, `delread~ sauti 200`, `*~ 1`, na `dac~ 1 2`. Unganisha cha kwanza na cha pili. Hapo sauti ya maikrofoni inaandikwa kwenye ghala lenye nafasi ya milisekunde 1000. Kisha unganisha `delread~` na `*~`, na `*~` na matundu yote mawili ya `dac~`, ili masikio yote yapate sauti. Namba iliyo kwenye `delread~` ndiyo ucheleweshaji kwa milisekunde. Iliyo kwenye `*~` ndiyo ukubwa wa sauti. Washa DSP (kitufe cha Pure Data cha kuwasha sauti), uongee.

Sauti ya kurekodi ichukuliwe kabla haijacheleweshwa. Ongeza kisanduku `writesf~ 1`, ukiunganishe moja kwa moja na `adc~`, na ukipe ujumbe tatu: `open mshiriki01_200.wav`, `start`, na `stop`.

Kama kadi yako ya nje ina swichi ya kusikiliza maikrofoni moja kwa moja, hakikisha imezimwa. Ikiachwa wazi mshiriki husikia sauti mbili, moja ya papo hapo na nyingine ya kuchelewa, naye husoma vizuri tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi wengi wamehitimisha kwamba ucheleweshaji hauna athari, kumbe ni swichi.

Pima ucheleweshaji halisi kabla ya kumwita mtu

Namba uliyoandika kwenye kisanduku siyo anayoisikia mshiriki. Kompyuta huhifadhi sauti kidogo ikiingia na kidogo ikitoka, na muda huo hujumlishwa juu ya namba yako.

Laza hedifoni mezani, upande mmoja ukigusa simu inayorekodi. Maikrofoni ya jaribio iwe umbali wa nusu mita ili sauti ya hedifoni isiingie tena ikazunguka. Gonga meza mara moja kwa kalamu, karibu na maikrofoni. Simu itanasa mapigo mawili: la kalamu lenyewe, na lile lililotoka hedifoni. Fungua rekodi kwenye Praat, vuta karibu hadi uone mapigo yote, na pima kutoka mwanzo wa la kwanza hadi mwanzo wa la pili. Rudia mara kumi.

Tuseme umeweka 200 na wastani wa vipimo ni 237. Mfumo wako unachelewa milisekunde 37 peke yake, kwa hiyo ili mshiriki asikie 200, andika 163. Vipimo kumi visipishane zaidi ya milisekunde 2 au 3. Vikicheza zaidi ya hapo kuna kitu kinachochakata sauti mahali fulani, kitafute ukizime. Kama ucheleweshaji wa mfumo ni mkubwa, punguza namba ya hifadhi kwenye mipangilio ya sauti ya Pure Data hatua kwa hatua mpaka sauti ianze kukatika, kisha rudi hatua moja. Kwenye Windows, kiendeshi cha aina ya ASIO husaidia sana.

Ndiyo maana hali ya “sifuri” haipo kwenye jaribio hili. Ipo hali ya ucheleweshaji mdogo kabisa unaowezekana, na kwenye ripoti utaandika ni milisekunde ngapi. Ukibaki chini ya 30, kwa kawaida usomaji hauvurugiki. Ukishindwa kufika huko, tumia ile swichi ya kadi ya nje kwa hali hii peke yake, ukizima njia ya Pure Data.

Matini

Andaa vifungu vinne tofauti vya habari za kawaida: sokoni, shambani, safari ya basi, mapishi. Visiwe na methali wala maneno yanayojulikana kwa moyo, kwa kuwa msomaji atayamaliza bila kuyasoma. Kila kimoja kiwe na silabi 100 kamili. Lazima viwe tofauti, maana mtu akisoma kifungu kilekile mara ya pili huongeza kasi, na kasi ndiyo unayoipima.

Kiswahili kinakurahisishia kuhesabu. Hesabu irabu zote, halafu ongeza *m* na *n* zinazobeba silabi zenyewe: *m-to-to* ni tatu, *m-ti* ni mbili, *n-ne*, *n-chi* na *m-bwa* ni mbili mbili. Usiongeze pale ambapo *m* au *n* imeshikana na konsonanti inayofuata, kama *mbi-li*, *ndi-zi*, *nyu-mba*. Irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili: *ka-a*, *ku-u*. Epuka maneno kama *daktari* na *Oktoba*, kwa sababu wengine hupachika irabu kati ya konsonanti na hesabu yako inaharibika.

Kwa asiyesoma kwa ufasaha, tumia kuhesabu kwa sauti kuanzia ishirini na moja. Usimlazimishe kusoma. Kusitasita kwa kusoma na kusitasita kwa sikio ni vigumu kuvitenganisha baadaye.

Siku ya jaribio

Hali nne zinatosha: ndogo kabisa (A), 100 (B), 200 (C) na 400 (D). Zisifuatane kwa mpangilio uleule kwa kila mtu, kwa sababu watu huzoea. Tumia mipangilio hii minne: A-B-D-C, B-C-A-D, C-D-B-A, D-A-C-B. Ukiitazama vizuri utaona kila hali inatanguliwa na kila hali nyingine mara moja tu. Mshiriki wa kwanza apewe wa kwanza, wa tano aurudie wa kwanza, na kuendelea. Kwa hiyo idadi ya washiriki igawanyike kwa nne. Nane ni kiwango cha chini, kumi na sita ni bora zaidi. Vifungu navyo uvizungushe kwenye hali zote.

Ukubwa wa sauti hedifoni uzidi kidogo ule wa mazungumzo, karibu desibeli 75, na usivuke 80. Ukiwa mdogo, sauti ya mifupani hushinda na athari hupungua. Wengine huongeza kelele laini ili kuifunika sauti hiyo ya mifupani. Ni sawa, mradi kelele iwepo kwenye hali zote nne, ile ya A ikiwemo. Étienne Lombard, daktari wa Paris, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni hupandisha sauti bila kujua, na kupandisha sauti pekee hubadilisha muda wa irabu. (Jambo hilohilo lilitumika kuwanasa waliojisingizia uziwi: kiziwi wa kweli hapandishi.)

Maelekezo yawe mafupi na yaleyale kwa kila mtu: “Soma kwa sauti, kwa kasi yako ya kawaida. Ukikosea, endelea.” Usimwambie unachotarajia. Ukimwambia kwamba sauti itamchanganya atajipanga: atapunguza kasi kwa makusudi, ataanza kunong’ona, au ataacha kusikiliza. Mpe sentensi mbili za kuzoea hedifoni kwa ucheleweshaji mdogo kabisa, kisha anza. Kati ya hali na hali, hedifoni zivuliwe na muongee mambo mengine kwa dakika moja.

Watu wenye kigugumizi usiwachanganye kwenye kundi hili. Kwa baadhi yao sauti iliyocheleweshwa hulainisha usemi badala ya kuuvuruga, na ukiwaweka pamoja na wengine wastani wako utaificha tofauti hiyo. Wastahili kundi lao na swali lao. Muulize kila mshiriki pia kuhusu kusikia kwake na lugha aliyoanza nayo utotoni, uandike.

Kupima na kuelewa unachokiona

Kwenye Praat chagua kuanzia mwanzo wa sauti ya kwanza hadi mwisho wa ya mwisho, chukua muda, na gawanya 100 kwa sekunde hizo. Sekunde 18 ni silabi 5.6 kwa sekunde. Sekunde 27 ni 3.7. Kisha hesabu makosa ya aina tatu ukitenganisha: silabi iliyorudiwa (*sama-maki*), silabi iliyobadilishwa au kumezwa, na irabu iliyovutwa. Irabu ihesabiwe kuwa imevutwa pale tu inapozidi mara mbili ya muda wa irabu hiyo katika hali A ya mtu huyohuyo. Wahesabu wawe wawili, kila mmoja peke yake, na asiyejua faili ni ya hali ipi. Hapo ndipo jina la faili lenye “_200” linakuwa tatizo. Mtu wa tatu abadilishe majina kwanza.

Bernard Lee, aliyeeleza athari hii mwaka 1950, aliona watu wakipunguza kasi, wakipandisha sauti na kurudia silabi kama wenye kigugumizi. Uharibifu mkubwa zaidi kwa watu wazima hutokea karibu na milisekunde 200, na kwa wengi hupungua ucheleweshaji ukifika 400. Hapa watu huelewa vibaya. Kama usemi ungeendeshwa na sikio peke yake, 400 ingekuwa mbaya kuliko 200. Angalia zile milisekunde 200 za silabi mwanzoni: kwa ucheleweshaji huo, silabi unayoisikia inaangukia karibu sawasawa juu ya unayoitamka. Unatamka *-ho-* sikio linasema *mi-*. Mkaguzi anaripoti kosa ambalo halipo, na amri zilizoandaliwa zinavutwa mkono katikati ya safari. Kwa 400 kilichorudi kimeachwa mbali, na ubongo unaweza kukichukua kama sauti ya mtu mwingine.

Utakutana pia na mtu anayesoma vizuri kwenye hali zote. Usimfute kwenye data kabla ya kukagua sauti ya hedifoni zake. Ikiwa kila kitu kilikuwa sawa, mwache: watu hutofautiana kweli katika kulitegemea sikio, na wengine huziamini zaidi hisia za mdomo. Chora mstari wa kila mshiriki kabla ya kuchora wastani.

Jaribio la pili: vijiti vya aiskrimu

Hili halihitaji Pure Data. Funga pamoja vijiti vitano vipya vya aiskrimu, unene kama sentimita 1. Mshiriki aving’ate kwa magego ya upande mmoja, ncha ikitokeza pembeni mwa mdomo. Urefu huo ndio usalama wake. Usitumie kipande kifupi kinachoweza kumezwa, na kila mtu awe na vijiti vyake. Taya sasa haiwezi kufunga. Mwambie aseme *i*, *u* na *a*, kila moja peke yake, mara kumi kwa mchanganyiko, kwanza bila vijiti kisha navyo.

Irabu *i* na *u* huhitaji taya iliyo juu. Taya ikilazimishwa kuwa chini, formanti ya kwanza (F1) ingepaswa kupanda. Formanti ni masafa ya sauti ambayo umbo la mdomo huyakuza, na ndiyo yanayoitofautisha irabu moja na nyingine; ya pili huitwa F2. *A* ipo tu kwa ulinganifu, kwani taya yake iko wazi tayari. Kwenye Praat weka formanti 5, kikomo cha juu hezi (Hz) 5000 kwa mwanamume na 5500 kwa mwanamke, dirisha sekunde 0.025. Kwa mwanamume mzima tarajia F1 ya *i* kwenye 300 hivi na F2 juu ya 2000. *A*, F1 kwenye 700 hivi. Ukipata F1 ya *u* kuwa 800, programu imezichanganya formanti mbili za kwanza. Badili kikomo, usiibadili namba kwa mkono.

Siri iko kwenye mahali pa kupima. Usipime katikati ya irabu. Pima mwanzoni kabisa, milisekunde 25 hadi 30 baada ya sauti kuanza. Mapema zaidi haiwezekani, maana Praat huchukua dirisha lenye upana halisi mara mbili ya ulioandika. Kwa wakati huo sikio halijapata nafasi ya kusahihisha lolote. Björn Lindblom na wenzake walifanya hivi mwaka 1979 na kukuta formanti za mwanzo ziko karibu sana na za kawaida, tangu jaribio la kwanza. Ulimi ulipandishwa zaidi kufidia taya kabla ya sauti kusikika. Amri huandaliwa kwa kujua mdomo uko wapi sasa, na taarifa hiyo hutoka kwenye misuli na ngozi. Mwaka 2003 Stéphanie Tremblay, Douglas Shiller na David Ostry walikwenda mbele zaidi: roboti ilivuta taya bila kubadilisha sauti inayosikika, na wazungumzaji bado walijirekebisha.

Jaribio la tatu: peta, pata, pita

Hapa unabadilisha irabu yenyewe wakati mtu anaongea. John Houde na Michael Jordan walilionyesha mwaka 1998, washiriki wakinong’ona, maana mnong’ono hausafiri sana mifupani. Leo wengi hutumia programu ya Audapter ya Shanqing Cai, inayohitaji MATLAB (programu ya hesabu ya kulipia) na kadi nzuri ya sauti. Kama chuo chako hakina, ruka. Pure Data ya visanduku vitano haitakufikisha.

Neno *peta* linafaa sana. Ukipandisha F1 ya *e* yake, mshiriki husikia kitu kinachoelekea *pata*. Akijirekebisha atashusha F1, na mdomo wake utaelekea *pita*. Yote ni maneno halisi, na konsonanti zake hazipiti puani. Epuka maneno kama *mema*: *m* na *n* huvuruga F1 ya irabu jirani. Gawa matamshi 140 hivi: 20 bila mabadiliko, 30 ya kupandisha kidogokidogo hadi F1 izidishwe kwa 1.3, 60 kwenye kiwango hicho, na 30 ya mwisho bila mabadiliko. Kupandisha taratibu kunamfanya mshiriki asigundue. Akigundua ataanza kucheza na programu yako.

Kwenye hesabu watu hukosea hivi. Tuseme F1 ya mwanzo ilikuwa 500. Ikizidishwa, anasikia 650. Mwishoni umekuta anatamka 450. Wengi huchukua 50 wakaigawa kwa 150. Sivyo. Ili asikie 500 tena angehitaji kutamka 385, yaani ashuke 115. Kwa hiyo amefidia 50 kati ya 115, asilimia 43. Fidia kamili ni nadra, kwa sababu hisia za mdomo zinapinga: sikio linasema irabu imekosewa, ulimi unasema uko mahali pake.

Matamshi matano ya kwanza baada ya mabadiliko kuondolewa yana thamani kuliko yote. Mtu akiendelea kushusha F1 wakati sauti yake imekwisha rudi sawa, basi si mkaguzi anayefanya kazi hapo; amri zenyewe zimeandikwa upya. Athari hiyo hufifia haraka, kwa hiyo usiichanganye kwenye wastani wa matamshi yote 30.

Ubongo uko wapi kwenye data hizi

Kompyuta yako haikuona ubongo. Imeona tabia, na ripoti iseme hivyo. Kuunganisha tabia na mahali kunahitaji kazi kama ya Jason Tourville, Kevin Reilly na Guenther, waliobadilisha F1 mwaka 2008 huku washiriki wakiwa ndani ya mashine ya fMRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Sauti ilipokosewa, sehemu za ubongo za kusikia ziliwaka pande zote mbili, pamoja na eneo la mbele la kuandaa mijongeo upande wa kulia. Modeli ya DIVA inaziweka amri zilizoandaliwa zaidi upande wa kushoto, na urekebishaji wa mrejesho upande wa kulia. Hiyo unaweza kuitaja kama maelezo yanayokubaliana na matokeo yako, si kama ulichokigundua.

Epuka pia kuandika kwamba eneo la Broca, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusishwa na usemi, “ndilo linalotoa sauti”. Adeen Flinker na wenzake, waliorekodi moja kwa moja juu ya ubongo wa wagonjwa wa upasuaji, walionyesha mwaka 2015 kwamba eneo hilo hufanya kazi kabla ya neno kutoka, na hunyamaza wakati neno linatamkwa.

Milisekunde hizi zina matumizi nje ya maabara. Mwaka 2009 Guenther na daktari Philip Kennedy waliripoti kifaa kilichosoma ishara za ubongo wa mtu aliyepooza mwili mzima baada ya kiharusi na kuzigeuza kuwa irabu. Mfumo ulisukwa ili sauti itoke ndani ya milisekunde 50 hivi. Ungechukua 200, mgonjwa angekuwa anajifunza kuongea ndani ya jaribio lako la kwanza.

Katika jedwali la matokeo, safu ya kwanza iwe ucheleweshaji uliopimwa, si ule uliouandika kwenye kisanduku, pamoja na aina ya hedifoni na desibeli. Idhini ichukuliwe kwa maandishi kabla ya kurekodi. Kibali cha utafiti Kenya hutolewa na NACOSTI, Tanzania ni COSTECH, juu ya kamati ya maadili ya chuo chako. Kubadilisha jina la faili hakumfichi mtu ambaye sauti yake imo ndani. Faili za WAV zikae mahali penye nywila, na zinazosambazwa ziwe namba za vipimo tu.